Sevo zisizo na brashi, za DC au za AC: ipi ufunge, na ikigoma uanzie wapi

Siku kumi kabla ya Idi, mashine ya CNC, inayoongozwa na kompyuta, ya kuchonga milango iligoma katika karakana moja ya Ngamiani, Tanga. Mbao za mtiki zilikuwa zimeegemezwa ukutani, oda zimeshalipiwa nusu, na mhimili mmoja wa mashine, yaani upande mmoja wa mwendo wake, ulikuwa unatetemeka mahali pamoja na kukoroma bila kusogea. Mwenye karakana alinivutia kiti, akanipa karatasi mbili za bei. Moja ilikuwa ya mota na draivu (kisanduku cha elektroniki kinachoilisha na kuiongoza mota) ya DC ya volti 48, nyingine ya AC ya volti 220, zote za wati 400. "Mwanangu," akasema, "hawa wote wananiambia sevo, na wote wananiambia haina brashi. Sasa tofauti iko wapi, na mimi nichukue ipi?"

"Mzee, hizo karatasi tuziweke kwanza. Tupime," nikamjibu.

Tulichokipata nitakieleza mbele. Swali lake lakini nimeulizwa pia na mwenye mashine ya kufungasha, na fundi wa cherehani za kiwandani, na vijana wanaokata mabango. Kwa hiyo nalijibu hapa kwa urefu. Sevo ni mota inayopimwa mwendo wake muda wote ili draivu iifikishe pale pale ilipoamriwa. DC ni umeme wa upande mmoja kama wa betri, AC ni unaogeuka-geuka kama wa ukutani.

Majina yanavyochanganya

Ukizifungua zote mbili utakuta umbo moja: sumaku za kudumu kwenye sehemu inayozunguka, na koili za nyaya tatu kwenye ganda. Hakuna brashi, yaani vile vipande vya kaboni vinavyosugua ili kupitisha umeme, wala vumbi lake jeusi. Hata ile inayoitwa ya DC, nyaya zake hazipewi umeme wa upande mmoja kama wa betri. Draivu ndiyo inayoukatakata na kuugawa. Jina la DC limebaki kwa sababu mota hizi zilizaliwa kuchukua nafasi ya mota za DC zenye brashi. Wilson na Trickey walipoieleza mwaka 1962, waliiita mashine ya DC ambayo kazi ya brashi imepewa elektroniki.

Tofauti yenyewe iko kwenye namna umeme unavyogawiwa. Draivu ya DC hugawa kwa hatua sita. Kila wakati nyaya mbili zina umeme na wa tatu umepumzika, kisha zamu inahama. Inayoiambia draivu wakati wa kuhamisha zamu ni sensa tatu ndogo za Hall, zilizopewa jina la Edwin Hall, Mmarekani aliyegundua kanuni yake mwaka 1879. Draivu ya AC hulisha nyaya zote tatu kwa pamoja, kila mmoja ukipanda na kushuka kama wimbi, zikipishana theluthi ya mzunguko. Ili ifanye hivyo lazima ijue shafti iko wapi kwa usahihi mkubwa, na habari hiyo inaletwa na enkoda au rizolva, sensa zinazosoma pembe ya shafti.

Tahadhari moja kabla hatujaendelea. Madukani, "DC" mara nyingi humaanisha pia volti ndogo, 24 hadi 72, na "AC" humaanisha inachomekwa kwenye 220. Si sheria. Mota nyingi za cherehani za kiwandani ni za DC zisizo na brashi na zinachomekwa ukutani, na siku hizi zipo draivu za volti 48 zinazotoa wimbi kamili. Soma kibao cha mota na kitabu cha draivu, usisome tangazo peke yake.

Mambo ya kupimia

Mimi huangalia matano: umeme unaoingia, mwendo na nguvu inayotakiwa, urahisi wa kugundua hitilafu, hewa ya pwani yetu, na vipuri. La tatu nalipa uzito kuliko mengine. Mashine inayonunuliwa Tanga itaharibikia Tanga, na siku hiyo mwenye kazi hatakuwa na mtengenezaji pembeni. Atakuwa na fundi na mita yake.

Umeme unaoingia

Kwa DC ya volti ndogo unahitaji pawasaplai au transfoma katikati ya ukuta na draivu. Ni kifaa kimoja zaidi cha kununua na cha kuharibika, lakini kinakinga: umeme ukipanda ghafla, mara nyingi hicho ndicho huumia kwanza. Ubaya wake ni ampea. Wati 400 kwa volti 48 ni zaidi ya ampea 8, hivyo nyaya ziwe nene na fupi, na kila skrubu ikazwe barabara. Skrubu iliyolegea kwenye ampea hizo inapika plastiki. Faida kubwa ni kwamba ukiwa na betri au sola, unaingia moja kwa moja.

AC ya volti 220 haihitaji transfoma. Ndani yake umeme wa ukutani unanyooshwa na kuhifadhiwa kwenye kapasita kwa takriban volti 310 hadi 325, na ampea kwenye nyaya za mota wa wati 400 ni chini ya 3. Nyaya zinakuwa nyembamba, na mashine ndefu haikupi shida. Draivu nyingi za aina hii zinaandikwa volti 200 hadi 240. Kama mtaani kwenu jioni umeme unashuka hadi 180, draivu inaweza kukataa mota inapotaka kuondoka kwa kasi, na utalaumu kifaa kisicho na kosa. Nyingine: chujio lake huvujisha umeme kidogo kwenda ardhini. Bila waya wa ethi wa kweli utahisi ganda la mashine linakuwasha vidole. Ukihisi hivyo, simamisha kazi, tafuta ethi.

Mwendo na nguvu

Kwa nguvu peke yake zinalingana. Mota wa wati 400 unaozunguka mara 3,000 kwa dakika unatoa msukumo wa takriban nyutoni-mita 1.27, awe wa DC au wa AC. Wa wati 750 unatoa 2.39. Mota za AC nyingi zinaruhusu mara tatu ya hapo kwa muda mfupi wa kuondoka, na hapo kwenye mashine yenye daraja zito (boriti inayobeba kichwa cha kuchonga juu ya meza) utaona tofauti.

Kwa ulaini wa mwendo hazilingani. Hatua sita zina mshtuko mdogo kila zamu inapohama, na mota ikienda pole unauona kwenye mbao kama mikunjo midogo juu ya ua la mlango. Ukifunga draivu ya hatua sita kwenye mota iliyotengenezwa kwa wimbi, itazunguka, ila msukumo utakuwa unashuka na kurudi kwa takriban asilimia 13 ndani ya kila hatua. Kwa mkanda wa kusogeza maboksi, kwa pampu, kwa cherehani, hilo halikuhusu. Kwa nakshi linakuhusu sana.

Watu hukosea pia kudhani sensa za Hall ndizo zinazoleta usahihi wa kipimo. Mota wenye jozi nne za sumaku hupata nafasi 24 tu kwa mzunguko kutoka kwenye Hall. Kwa skrubu ya kusogeza milimita 5 kwa mzunguko, hiyo ni milimita 0.2 kila nafasi. Enkoda ya mistari 2,500 ikihesabiwa kingo zake zote inatoa nafasi 10,000, yaani milimita 0.0005. Ndiyo maana sevo ya DC ya maana nayo hubeba enkoda juu ya Hall. Ukiuziwa yenye Hall peke yake, hiyo ni mota ya kudhibiti kasi, si ya kuchonga.

Ikigoma

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu na wateja.

Kuna hatua ambazo ni sawa kwa zote. Zima, kisha ngoja. Kapasita za draivu ya AC hubaki na umeme unaoua baada ya swichi kuzimwa. Ngoja dakika kumi, halafu pima kati ya chanya na hasi ya kapasita, usiguse mpaka volti zishuke vizuri chini ya 50. Kama mhimili ni ule wa kupanda na kushuka, weka gogo chini ya kichwa cha mashine kabla ya kuzima, kwa sababu mota isiyo na umeme na isiyo na breki inaachia uzito wote. Nimeona kichwa cha kilo nyingi kikishuka juu ya meza palipokuwa na mkono wa kijana sekunde chache tu kabla.

Kisha tenganisha mota na skrubu yake ya kusogeza kwenye kapulingi, kiungo cha shafti zao. Zungusha shafti kwa mkono. Ikikwaruza, ni beringi, na hakuna draivu itakayoitibu. Pima nyaya za mota, mbili mbili: vipimo vitatu viwe sawa. Chomoa kila kitu kutoka kwenye draivu na enkoda, halafu pima kati ya nyaya na ganda kwa mega (kifaa cha kupima kama umeme unavuja) ya volti 500. Chini ya megaomu 1 mota huo usiurudishe kazini. Usisahau kuchomoa, maana mega ikipita kwenye draivu au enkoda inaua papo hapo. Mwisho, unganisha nyaya zote tatu pamoja na uzungushe shafti. Inatakiwa iwe nzito, na uzito uwe ule ule mzunguko mzima.

Kwa draivu yenyewe, weka mita kwenye alama ya dayodi, ikiwa imezimwa na kapasita zimekwisha. Pima kutoka upande hasi wa kapasita hadi kila tundu la mota, kisha upande chanya ukigeuza nyaya za mita. Unatafuta namba zinazofanana, mara nyingi kati ya 0.3 na 0.5. Tundu likionyesha sifuri, transista imeungua.

Baada ya hapo njia zinaachana.

Upande wa DC, karibu kila kitu kinaonekana kwa mita ya kawaida. Washa draivu, hakikisha sensa zinapata volti 5, kisha zungusha shafti polepole kwa mkono ukipima waya mmoja mmoja wa Hall. Kila mmoja unatakiwa uruke kati ya volti 0 na 5. Kwa sensa zilizopangwa kwa nyuzi 120, zote tatu hazitakiwi kuwa juu kwa pamoja wala chini kwa pamoja. Ukiona hivyo, umempata mgonjwa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa yule mzee. Mashine yake ilikuwa ya DC. Waya wa kwanza wa Hall uliruka vizuri, wa pili ukaruka, wa tatu ukabaki palepale kwenye volti 5 hata nilipozungusha shafti mara nne. Waya wenyewe ulikuwa mzima. Nilipofungua soketi iliyo nyuma ya mota, pini moja ilikuwa imegeuka kijani, na nilipoigusa kwa ncha ya bisibisi ikavunjika kama jani kavu. Chumvi ya bahari na vumbi la mbao vilikuwa vimekaa humo miaka. Tulibadilisha soketi, mashine ikatembea, na karatasi za bei zikarudi mfukoni. Kama angeagiza draivu mpya, ingekoroma vilevile.

Hitilafu nyingine ya DC huletwa na mafundi wenyewe: nyaya za mota kurudishwa kwa mpangilio mwingine. Ukiziacha za Hall zilipo, nyaya tatu za mota zina mipangilio sita, na ulio sahihi kwa upande unaoutaka ni mmoja. Mingine itafanya mota ukwame, utetemeke, au uzunguke ukila ampea nyingi na kuchemka. Piga picha kabla hujachomoa.

Upande wa AC unapewa msaada ambao DC nyingi hazina: kioo kidogo chenye namba ya hitilafu. Kwa kitabu mkononi, namba hiyo inakuokolea nusu siku. Bila kitabu haikufai, kwa kuwa kila mtengenezaji ana namba zake. Kitafute siku unanunua.

Namba peke yake haitoshi, angalia pia imetokea wakati gani. Volti kuzidi wakati mashine inapunguza mwendo maana yake nishati ya breki inarudi kwenye kapasita na haina pa kwenda: rezista ya breki, inayoigeuza kuwa joto, imekatika, haipo, au umeagiza isimame ghafla mno. Volti kuzidi mashine ikiwa imetulia, umeme wa ukutani ndio uko juu. Volti kupungua wakati wa kuondoka, chunguza kebo ya kuongezea na skrubu za breka. Mota kuchelewa nyuma ya amri, angalia kapulingi na reli kabla ya kugusa mipangilio. Sevo za DC nazo zina tabia hizi. Nishati ya breki kwao huipandishia volti pawasaplai na kuizima, ila hakuna kioo cha kukuambia.

Kuna hitilafu ya waja leo waondoka leo, kama wanavyosemwa wageni wa mji wetu: asubuhi ipo, mchana haipo. Kwa AC, mara nyingi ni kebo ya enkoda. Imepita sambamba na kebo ya mota, au wavu wake wa kukinga haujafungwa kwenye ethi, au imechoka pale inapojikunja kila mashine inaposogea. Tikisa kebo polepole mashine ikiwa imewashwa na imetulia, mikono mbali na njia ya mhimili, uone namba inatokea ukigusa wapi.

Na nawaomba mafundi wenzangu: usifungue enkoda ya mota ya AC kwa kutaka kuisafisha. Imefungwa kwa pembe maalumu dhidi ya sumaku. Ukiilegeza, draivu haijui tena sumaku ziko wapi, na mota unaweza kuruka kwa nguvu au kula ampea mpaka uzime. Kurudisha pembe hiyo kunahitaji osiloskopu au programu ya mtengenezaji. Sensa za Hall zikihama, unaweza kuzirudisha kwa subira na mita. Kama enkoda ni ile inayokumbuka nafasi hata umeme ukikatika, ina betri ndogo ya volti 3.6. Ibadilishe draivu ikiwa na umeme, la sivyo mashine itasahau mwanzo wake.

Kubadilishana kati ya mihimili miwili inayofanana ni njia nzuri kwa zote mbili, mradi umeshapima koili. Mota yenye shoti ukiihamishia kwenye draivu nzima, jioni utakuwa na draivu mbili zilizokufa.

Hewa ya pwani

Chumvi haichagui. Mota nyingi za AC huja zimezibwa vizuri na soketi za kukaza, na hilo linafaa karakana zilizo karibu na bahari. Mota nyingi za DC za bei nafuu huja na nyaya zinazotoka wazi, ukazibe mwenyewe. Kwa upande wa draivu, ile ya AC inasumbuliwa zaidi na vumbi lililolowa unyevu wakati wa masika. Ifunge ndani ya paneli yenye chujio, usafishe feni. Draivu iliyokaa stoo miaka usiiwashe moja kwa moja: kapasita zake zipandishiwe volti taratibu.

Vipuri

Za DC ni rahisi kuchanganya: draivu ya kampuni moja na mota ya nyingine, alimradi volti, ampea na Hall vinakubaliana. Transista zake hupatikana kwa mafundi wa elektroniki. Za AC kwa kawaida ni mume na mke. Enkoda ya huyu huzungumza lugha ambayo draivu ya yule haiijui, na moja ikifa mara nyingi unanunua zote.

Kwa hali yako

Kama kazi ni mkanda, pampu, cherehani, au mashine ndogo ya kukata mabango, na fundi wako ana mita tu, DC itakutosha na utaimudu. Vivyo hivyo kama unategemea betri au sola.

Kama unachonga nakshi za kina, daraja la mashine ni zito, au nyaya ni ndefu na kazi ni ya kutwa, AC inastahili bei yake. Hakikisha umeme wako haushuki chini ya 200, ethi ipo, na kitabu unacho.

Kama mota ni mzima na draivu ndiyo imekufa, mota ndio uamue. Wenye Hall pekee utafutie draivu ya hatua sita. Wenye enkoda utafutie inayoelewana na enkoda hiyo.

Kama mashine inavuta daraja moja kwa mota mbili, kushoto na kulia, usifunge DC huku na AC kule. Badilisha zote mbili au usibadilishe.

Na kama mashine yako inafanya kazi leo, chukua kalamu, nakili namba za mipangilio ya kila draivu na rangi ya kila waya, ubandike ndani ya mlango wa paneli. Yule mzee alifanya hivyo wiki ileile. Baada ya Idi alinipigia kwamba ananunua AC kwa ajili ya mhimili unaobeba daraja, na ile ya DC iliyopona anaiacha palepale, maana sasa anajua kuipima mwenyewe.